MIKONO NI YA ESAU: Juu ya kufungua feza kwa kidole



Mara hii hatutaandika juu ya mupira wala juu ya usafi wa viwanja. Tunapenda kuandika juu ya neno lililotokea katika nyumba ya kulala ya wavulana. Neno hili limeumiza watu watano, na sisi, kapita wenu, ni mumoja wao.

Mwanafunzi mumoja wa mwaka wa pili alitumiwa feza ya masomo na mama yake kutoka Mahagi. Ilikuwa dola 45, na zilifika kwa njia ya simu. Hakuzitoa siku ile kwa sababu ilikuwa siku ya Mungu, na kabini ya karibu ilikuwa imefungwa. Asubuhi yake akakuta dola 3 tu. Alikuja kwetu akilia: "Yaya, mimi sikumwambia mutu hata mumoja kode yangu. Hata mumoja!"

Alisema kweli. Hakuna aliyeiba kode yake. Programu yake ya feza ilikuwa imepangwa ifunguke kwa kidole. Tulipotazama ndani ya simu, tulikuta imeandika vidole vitano: kimoja chake na vinne vya rafiki. Viliingizwa kwa furaha wakati simu ilikuwa mupya. "Weka kidole yako, ndugu, hautakuwa unaniomba kode kila saa juu ya muziki." Kidole cha ine kilikuwa chetu.

Mutoto yule alikaa nyumbani wiki tatu, mpaka mama yake alipouza mbuzi wawili. Namba iliyopokea feza haipatikani tena. Na sisi wanne tumebaki tukitazamana. Watatu hawakuiba, lakini nani anaweza kuonyesha hivyo? Mukono wa kila mumoja wetu ulikuwa na ufunguo. Hii ndiyo sababu tunaandika. Hatuandiki kama wenye haki wanaofundisha wenye makosa.

Katika shule yetu kuna mawazo mawili juu ya kidole. Wamoja wanasema: kidole ni usalama kamili, kwa sababu Mungu hakuumba vidole viwili vyenye mistari sawa. Wengine wanasema: tusiguse kitu kile, ni mwanzo wa alama ya munyama inayosemwa katika Ufunuo sura ya 13. Sisi tunaona kwamba wote wawili wanaruka jambo lililo katikati. Kidole si siri. Kidole ni jina. Jina linaonyesha wewe ni nani, lakini hakuna mutu anayefunga feza yake kwa jina lake tu.

Kwanza tuelewe namna kitu hiki kinavyofanya kazi. Unapoweka kidole juu ya simu, simu nzuri haichungi picha ya kidole chako. Inapima mistari, mahali inapogawanyika na mahali inapoishia, kisha inageuza vipimo vile kuwa namba nyingi, na kuzifungia katika sehemu ya pekee ndani ya simu yenyewe. Programu ya feza haioni kidole kamwe. Inauliza simu tu: Ni yeye? Na simu inajibu: Ndiyo, au: Hapana.

Hapo ndipo tulipoanguka. Simu haisemi, "Huyu ni mwenye feza." Inasema, "Huyu ni mumoja wa wale walioandikwa kwangu." Simu mingi za Android zinaweza kuandika mpaka vidole vitano, na kwa simu vyote vitano ni sawa. Programu zilizotengenezwa vizuri zinafunga njia ya kidole kila mara kidole kipya kinapoongezwa, na kuuliza namba ya siri tena. Lakini kama vidole vya rafiki vilikuwa ndani tangu mbele, siku unaporuhusu programu ya feza kutumia kidole, umewaruhusu wote pamoja nawe. Hakuna atakayekuambia.

Wandugu, habari hii si mupya. Tunaisoma katika Mwanzo sura ya 27. Isaka alikuwa muzee, macho yake hayakuona tena. Alipenda kujua ni mutoto gani amesimama mbele yake kusudi amupe baraka. Alisikia sauti, akatambua ni ya Yakobo. Akapapasa mikono, akakuta manyoya kama ya Esau, kwa sababu Rebeka alikuwa amefunika mikono ya Yakobo kwa ngozi za wana-mbuzi. Alama mbili hazikupatana, na muzee aliziona zote mbili. Lakini alichagua kuamini mukono. Baraka ikaenda, na Esau alipofika hapakuwa na namna ya kuirudisha. Kosa la Isaka halikuwa kupapasa. Kosa lake lilikuwa kupapasa tu na kuacha kusikiliza sauti.

Tusiwe watu wa kusema ubaya peke yake. Kidole kina faida, na inafaa tuitaje. Namba ya siri yenye tarakimu 4 ina njia 10,000 tu. Na watu hawachagui katika zote 10,000: wanachagua 1234, ao mwaka wao wa kuzaliwa, ambao darasa zima linaujua. Kampuni ya Apple inasema kwamba bahati ya kidole cha mutu mwingine kufungua simu yake ni moja kwa 50,000 kwa kila kidole kilichoandikwa. Tena, mutu anayeandika namba yake mbele ya kabini sokoni, huku watu watatu wamesimama nyuma ya bega lake, amewapa wote watatu. Kidole hakisomwi nyuma ya bega. Kwa hiyo hatuwezi kumwambia mutu atupe kidole, arudi kwa 1234.

Lakini kidole kinaweza kudanganywa. Katika mwezi wa 9 mwaka wa 2013, siku chache tu kiisha simu ya iPhone 5s kuanza kuuzwa, watu wa Chaos Computer Club katika Ujerumani walipiga picha ya alama ya kidole iliyobaki juu ya kioo, wakaitengenezea ngozi ya bandia, na simu ikafunguka. Katika mwezi wa 10 mwaka wa 2019 ilijulikana kwamba simu ya Samsung Galaxy S10, iliyokuwa ya bei kali, inaweza kufunguliwa na kidole cha mutu yeyote kama imebandikwa kifuniko fulani cha plastiki cha bei ndogo juu ya kioo chake. Benki moja ya Korea ya Kusini, KakaoBank, iliwaambia wateja wake wazime njia ya kidole mpaka Samsung irekebishe. Tunataja habari hii kwa sababu hapa Bunia ni simu gani isiyobandikwa kifuniko cha sokoni?

Na uso? Katika simu za bei ya chini uso ni hafifu kuliko kidole. Mwanzo wa mwaka wa 2019 shirika la watumiaji la Uholanzi, Consumentenbond, lilijaribu simu 110. Simu 42 zilifunguka kwa picha ya mwenye simu tu. Na mapacha wa shule yetu wanajua vizuri kwamba mapacha hawahitaji hata picha!

Hata hivi, tuseme ukweli. Hakuna fundi wa Ujerumani atakayekuja kutengeneza ngozi ya bandia juu ya dola 45 za mutoto wa Mahagi. Hatari yetu iko karibu zaidi: iko kitandani, iko njiani, iko katika urafiki.

Iko kitandani, kwa sababu kidole hakilali. Samsoni alichunga siri ya nguvu yake katika mwili, katika nywele, na alinyolewa akiwa amelala juu ya magoti ya mutu aliyemupenda. Mutu aliyelala hawezi kusema namba yake ya siri, lakini kidole chake kinaweza kuchukuliwa pole pole na kuwekwa juu ya simu. Katika nyumba ya kulala ya watu wengi, kila usiku sisi wote ni Samsoni.

Iko njiani. Wazazi wengi wa Djugu, Irumu, Mambasa, Aru na Mahagi wameacha kubeba feza ya masomo katika mufuko, kwa sababu ya wanyang'anyi. Tangu M-Pesa ilipofika katika inchi yetu mwaka wa 2012, na njia zingine kama Airtel Money na Orange Money, feza inapita hewani, na mutu anapita njiani mikono mitupu. Hii ni baraka kubwa. Lakini mwenye bunduki akijua kwamba feza iko nyuma ya kidole, hana kazi ya kukuuliza namba uliyoisahau kwa woga. Kidole hakiwezi kusahau. Katika Malezia, mwaka wa 2005, wezi walimukata mutu kidole kwa sababu gari lake lilifunguka kwa kidole kile. Kwa hiyo tunasema wazi: mbele ya silaha, toa simu, toa na feza. Feza inatafutwa tena.

Na iko katika urafiki. Tuliyoyaeleza juu yanatosha.

Kuna tena mulango wa nyuma. Wengi wetu tunafikiri kwamba simu ikifungwa kwa kidole, feza imefungwa pia. Sivyo. Hata simu ndogo ya kufinya inafikia feza kwa zile namba fupi zinazoanza na nyota, na pale kidole hakiulizwi, ni namba ya siri tu. Mutu akitoa puse yako, akaiingiza katika simu nyingine, na namba yako ya siri anaijua, kidole chako hakina kazi tena. Umefunga mulango wa mbele kwa chuma, na ule wa jikoni umeuegemeza kwa fimbo. Vilevile yule anayekupigia simu na kusema, "Umeshinda zawadi, nipe kode tuitume," hana haja ya kidole chako hata kidogo.

Tunakumbuka pia wazazi wetu. Tumesikia watu wa mujini wakisema: namba ya siri ifutwe, kila mutu atumie kidole. Wanaosema hivi hawajatazama mikono ya mama anayeponda mawe, wala ya baba anayechimba zahabu Mongbwalu, wala ya tate anayelima tangu utoto. Jembe, mawe na sabuni ya nguvu vinakula mistari ya vidole. Katika Uganda, jirani yetu, Serikali ilianza kuandikisha raia kwa kitambulisho cha taifa chenye alama za vidole mwaka wa 2014. Mwaka wa 2021 mashirika ya haki za watu yalitoa habari kwamba wazee walikosa musaada wao wa feza, wamoja kwa sababu mashine haikutambua vidole vyao vilivyochakaa. Mutu aliyefanya kazi kwa mikono yake maisha yote ananyimwa chakula na mikono ileile! Kidole kisiwe mulango mumoja tu. Mulango wa pili ubaki.

Sasa tuje kwa faragha, maana yake haki ya mutu kuchunga yaliyo yake. Hapa inafaa kutenga vitu viwili vinavyofanana kwa nje. Kidole unachoweka katika simu yako kinabaki ndani ya simu yako. Lakini kidole unachoweka juu ya mashine ya ofisi, kampuni, shirika la musaada ao uchaguzi, kinakwenda kuchungwa mahali pengine, pamoja na vidole vya maelfu ya watu. Hatusemi ni vibaya. Karte ya uchaguzi iliyotolewa kwa njia hiyo imetumikia wazazi wetu kama kitambulisho miaka mingi, na bila kitambulisho mutu hawezi kuandikisha puse kwa jina lake. Lakini sanduku kubwa linaita wezi wakubwa. Mwaka wa 2015 Serikali ya Marekani yenyewe ilitangaza kwamba alama za vidole vya watu wapata milioni 5.6 waliotumika kwake ziliibiwa katika komputa. Namba ya siri ikiibiwa, unaandika nyingine kwa dakika moja. Vidole vikiibiwa, utakwenda kununua vingine wapi? Mungu alitupa kumi, na kuchota tena hakuna.

Kwa sababu hiyo tusiviuze. Katika mwezi wa 7 mwaka wa 2023 vijana wengi wa Nairobi walipanga mustari murefu kusudi kampuni ya Worldcoin ipige picha mboni za macho yao, nao wapate feza ya komputa yenye bei ya karibu shilingi 7,000 za Kenya. Tarehe 2 ya mwezi wa 8 Serikali ya Kenya ilisimamisha kazi hiyo. Katika mwezi wa 5 mwaka wa 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru habari zile za miili ya watu zifutwe. Hatuwacheki vijana wale. Njaa ni njaa, na sisi pia tungesimama katika mustari. Lakini tungepashwa kuuliza mbele ya kutazama ndani ya mashine.

Inchi yetu ina Sheria ya mambo ya numeriki, iliyotiwa sahihi tarehe 13 ya mwezi wa 3 mwaka wa 2023, na ndani yake kuna sehemu juu ya ulinzi wa habari za mutu. Sheria ni nzuri, lakini haiwezi kuuliza kwa nafasi yako. Mutu akikuomba kidole ao uso, muulize kwa heshima maneno matatu: Kitachungwa wapi? Nani atakiona? Nikitaka kifutwe, nitakwenda kwa nani? Kama hana jibu, mwambie: Aksanti, nitarudi.

Na kwa wandugu wanaoogopa alama ya munyama, tunawaheshimu, kwa sababu wanasoma Neno. Lakini tunaona kwamba woga wao unawafanya watazame mbali sana. Wanangojea munyama mukubwa siku za mwisho, na simu yao ina vidole vya watu watano leo. Adui mudogo amepita chini ya meza.

Basi, kwa kufunga maneno, tunaomba mambo manne.

La kwanza, kwa kila mwanafunzi mwenye simu: jumamosi hii, simu zitakapotolewa, fungua mahali pa usalama, hesabu vidole vilivyoandikwa, na ufute kila kidole kisicho chako. Usione haya. Rafiki wa kweli hatakasirika, maana umemutoa katika hukumu. Sisi tumekwisha kwenda kwa rafiki wawili kuomba watufute, na mumoja aliuliza, "Yaya, kwani hauniamini?" Tulimujibu: "Ni wewe usituamini sisi. Siku kitu kitapotea, hautataka kutuwaza."

La pili: namba ya siri ya feza isiwe ileile ya kufungua simu. Mutu anayejua kode ya simu yako anaweza kuongeza kidole chake mwenyewe. Funga na puse kwa namba yake ya pekee.

La tatu: mbele ya kulala, na mbele ya safari, zima simu kabisa. Simu ikiwashwa upya haikubali kidole mpaka iandikiwe kode kwanza. Ni jambo la dakika moja, na linamufunga hata yule anayeshika mukono wako usiku.

La ine ni kwa wakubwa wetu, na tunaliomba kwa unyenyekevu. Feza ya masomo isipite tena katika simu za wanafunzi. Shule iwe na namba moja yake, muzazi atume pale, na mwanafunzi achukue risiti kwa mutunza feza. Mwalimu wa informatiki naye atupe saa moja tu juu ya maneno haya, kwa madarasa yote, kusudi wadogo wasijifunze kama tulivyojifunza sisi.

Tunajua kwamba wamoja watasema: kapita anaandika haya kusudi ajitakase. Waseme. Sisi wafinalisti tunakwenda; tukimaliza Egzameni ya Serikali, hamutatuona tena katika mustari wa asubuhi. Lakini yule ndugu wa mwaka wa pili anabaki. Anakaa bado darasani pamoja na wale watatu, na kila siku anatazama mikono yao.

Hatutaki mwanafunzi mwingine atazame mikono ya rafiki zake namna hiyo. Kidole ni jina lako: kionyeshe, lakini kisisimame peke yake mulangoni. Mukono ukisema ni Esau, sikiliza na sauti.

Kapita wa shule